Mwaka Niliomtazama Mzee Kikoti Akila

Tulimzika Matroni Chengula wiki iliyopita, huko kwao Kilolo, siku ya mvua nyembamba isiyokatika. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na Zawadi, niliyefanya naye kazi miaka ile, tumejifunika kitenge kimoja magotini, wakati mchungaji aliposimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisema mengi ya kweli. Alisema Matroni alikuwa mkali lakini mwenye haki, hakuwahi kula kabla wazee hawajala, na kituo kilipoishiwa sukari alibisha hodi kwenye milango ya watu mpaka sukari ikapatikana. Kisha akasema, "Mama huyu aliwalisha wazee wetu kama mtoto mchanga anavyolishwa." Watu wakaitikia amina. Zawadi akanigusa kwa kiwiko, maana ananijua, nami nikainamia matope ya viatu vyangu nikijiuliza inakuwaje mtu afike umri huu, ana wajukuu, nywele anazipaka rangi, halafu sentensi moja ya msibani imrudishie hasira ya usichana kana kwamba haijapoa hata siku moja.

Niliripoti kituoni mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya Iringa inayokufanya uoge kwa kujishauri. Nilitoka Uyole na begi moja na cheti kipya cha chuo, nikiwa na uhakika kwamba nilichosomea ni kitu ambacho dunia imekisubiri kwa hamu. Kibao cha getini kiliandikwa kuwa hapa ni makao ya wazee na wasiojiweza. Nakumbuka nilisimama mbele yake nikatabasamu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hasa kumfanya mtu ajiweze. Matroni alinipokea ofisini, chumba chembamba chenye harufu ya sabuni ya miche, magunia ya mchele yakiwa yamepangwa ukutani hadi dirishani. Alikuwa amevaa sweta juu ya gauni jeupe na soksi za mpira. Hakuniambia nikae.

"Wewe ndiye wa mazoezi?"

"Hapana, Matroni. Wa mazoezi ni watu wa viungo. Mimi ni wa tiba kwa vitendo."

"Vitendo gani?"

"Namsaidia mtu aliyeumia au aliyepooza aweze tena kufanya mambo yake ya kila siku. Kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kazi ndogondogo za mikono."

"Hayo yote tunawafanyia," alisema, tena kwa fahari. "Hapa hakuna mzee anayelala na njaa. Hakuna anayeshinda na nguo chafu."

"Ndiyo, Matroni. Mimi nataka wajifanyie wenyewe."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Kwa hiyo," akasema, "umesomea kuwaachia wagonjwa kazi."

Alinipa stoo ya magodoro iwe chumba changu cha tiba. Nilitoa magodoro nikayaegemeza ukumbini, jioni nikayakuta yamerudishwa ndani. Nikayatoa tena. Mchezo huo uliendelea mpaka siku moja nilipoamua kuyapanga chini na kuyafanyia kazi: juu ya magodoro yale wazee walijifunza kuinuka, kukaa na kujigeuza. Hata hivyo, kwenye mazungumzo ya kituo chumba kile kilibaki kuitwa stoo, na mimi nikaitwa dada wa stoo.

Wengi hudhani kazi yangu inashindwa kwa kukosa vifaa. Mwaka ule niligundua kwamba inaweza kushindwa kwa sababu ya upendo na haraka, vitu viwili ambavyo huwezi kuvilalamikia kwa mtu. Asubuhi nilikaa na bibi mmoja, Bibi Semkonda, nikamfundisha kutanguliza mkono uliopooza kwenye nguo, kisha ule mzima. Jioni wahudumu wakamvalisha kama kawaida, chapuchapu, kama anayetia mto kwenye foronya, na kesho yake tukaanza upya. Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nachemsha maji nikamsikia Zawadi akimsimulia mpishi: "Dada Tuse kaniambia nimwache Bibi Semkonda avae sweta mwenyewe. Nikamwacha. Nimeenda nimefua, nimeanika, nimerudi, bibi bado yumo ndani ya sweta, kichwa hakijatoka!" Wakacheka hadi mpishi akaacha kusonga. "Siku akikosa pumzi humo ndani," Zawadi akaongeza, "mimi sipo." Nami nilicheka, peke yangu, nyuma ya jiko. Zawadi alikuwa hasemi uongo. Yeye na mwenzake walikuwa na wodi nzima ya kuosha, kuvalisha, kulisha na kufulia, na Matroni aliwapima kwa jambo moja tu: je, saa ya kengele kila kitu kimekwisha? Mzee anayejivalisha mwenyewe alikuwa mzee anayewachelewesha.

Mzee Kikoti aliletwa muda mfupi baada ya mimi kufika. Alikuwa amefanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, karibu utu uzima wake wote, na alipostaafu akabaki kule kule mpaka mkewe akafa na kiharusi kikamkuta peke yake. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, mkono umejikunja kifuani, vidole vimefumba. Maneno yalimtoka polepole lakini yote yalikuwa mahali pake. Aliletwa na binti yake, Leah, mwanamke mrefu mwenye viganja vigumu aliyeolewa Idodi na kuishi kwa kilimo cha mpunga. Alinivuta pembeni siku ile ya kwanza. "Dada, mimi simtupi baba yangu," alisema, kabla sijamuuliza chochote. "Ila nyumbani kwangu mchana hamna mtu. Mume wangu na mimi tuko shambani, watoto wako shule. Nikimwacha ndani, atakula vipi? Atakwenda chooni vipi? Akiweza hayo mawili tu, namchukua." Nikamwambia ataweza. Nililisema neno lile kwa wepesi wa mtu ambaye bado hajashindwa na kitu.

Siku za mwanzo Mzee Kikoti alikataa kula. Kijiko kikikaribia, alifumba mdomo na kugeukia ukuta. Zawadi alijaribu uji, akajaribu mchuzi, akaimba hata wimbo wa kanisani. Mwisho akaja stoo amechoka. "Yule amekata tamaa, dada. Tumwombee tu." Nikaenda kukaa kitandani pake.

"Baba, huna njaa?"

"Njaa ninayo."

"Sasa mbona huli?"

"Sijaona chakula. Naona mkono wa Zawadi."

Nikafurahi, maana hapo sasa nilikuwa kwenye uwanja wangu. Tulifundishwa kwamba mkono wa kulia ukilala, unaamsha wa kushoto ufanye kazi yake. Nikampakulia uji, nikamwekea kijiko katika mkono wake wa kushoto, ule mzima. Alikitazama kijiko, akakirudisha mezani taratibu kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwanangu, wewe Mnyakyusa, sijui kwenu mnafanyaje. Mkono huu ni wa chooni. Nile nao?"

"Baba, watu wote hapa wanajua unaumwa."

"Watu wanajua," alisema. "Mimi je?"

Nilirudi stoo nikapekua vitabu vyangu kutafuta ukurasa unaomhusu mtu wa namna hiyo, sikuuona. Nilikasirika, kwanza na vitabu, halafu na yeye. Kwa mkono wa kushoto angekula vizuri ndani ya wiki chache, angerudi Idodi, na mimi ningepata mtu wa kwanza wa kumwonyesha Matroni. Kwa mkono wa kulia tulikuwa tunaanza kupanda mlima kwa magoti. Lakini hakuna namna ya kumfundisha mtu kula kwa mkono anaouonea aibu. Tukauchukua wa kulia.

Kila asubuhi niliuloweka mkono ule kwenye beseni la maji ya moto, nikakunjua vidole kimoja kimoja mpaka kiganja kikafunguka. Nilimpa magunzi ayashike, kisha maharage makubwa, akayahamisha kutoka sahani hadi sahani, yakimwagika, tukiyaokota. Mpini wa kijiko niliuzungushia tyubu ya baiskeli mpaka ukawa mnene kama mpini wa shoka, nikashona mkanda wa kitambaa wa kukifunga kiganjani. Meza niliinyanyua kwa matofali ili kiwiko kipate pa kulala. Chini ya bakuli nilitandika kitambaa kibichi lisiteleze. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyangu vyote, na mpaka leo, nikiwa na chumba kizuri hospitali ya Mbeya, sijapata vilivyovizidi sana. Mkono wa kushoto yeye mwenyewe aliupa kibali kimoja: uushike ule wa kulia kwenye kifundo na kuusukuma juu. Kusukuma, alisema, siyo kula.

Uji wa kijiko aliuweza kabla mvua hazijaanza. Lakini haja yake haikuwa uji. "Mtu hajala mpaka ashike ugali," aliniambia. Nikaenda kumwomba mpishi asonge pembeni ugali mgumu kidogo, unaokubali kufinyangwa, na mpishi akalalamika kwamba sasa anapikia hoteli, lakini akasonga. Siku tonge la kwanza lilipofika mdomoni, nusu yake ilibaki kwenye ndevu. Mzee Kikoti akatafuna, akameza, akasema, "Mboga imezidi chumvi." Nilitoka nje nikalia kwa furaha karibu na kamba za nguo. Tangu afike kituoni hakuwa amesema lolote kuhusu ladha ya chakula. Mtu anayelishwa hana cha kusema juu ya chumvi.

Ningependa kueleza kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kengele ya kuondoa vyombo ilipigwa palepale ilipopigwa siku zote, na Mzee Kikoti alikuwa bado ana nusu sahani. Vyombo vikaondolewa. Nikimkuta Zawadi ameshika sahani ya mzee, tunatazamana. "Dada, nikichelewa kuosha, Matroni ananisema mimi, hakusemi wewe." Siku nyingine nilifika nikakuta wamemalizia kumlisha ili sahani iwahi karai. Mkono wake uliongeza kasi, kweli, wiki hadi wiki niliuona, lakini kengele ilikuwa na kasi kuliko mkono. Nilimwomba Matroni meza moja tu iachwe baada ya kengele. Alisema atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria.

Karibu na mwisho wa mwaka wakaja wageni, kikundi cha akina mama wafanyabiashara kutoka Mbeya, wamevaa sare za vitenge, wameleta sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na mablanketi. Nami niliona fahari; hawa walikuwa watu wa kwetu. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliposikia jina langu ni Tusekile alinisalimia Kinyakyusa akanikumbatia mpaka pumzi ikanikata. Waliimba, wakaomba, wakagawa zawadi kitanda kwa kitanda, na mpiga picha wao akiwafuata. Ikafika saa ya chakula. Mzee Kikoti alikuwa mezani kwake, kiwiko mahali pake, mkono wa kushoto umeshika kifundo, tonge liko njiani. Mwenyekiti akamwona.

"Jamani! Baba wa watu anahangaika hivi, na ninyi mmesimama tu?"

Nilifungua mdomo nieleze. Alikwisha kaa. Alilitoa lile tonge kwenye vidole vya Mzee Kikoti, kwa upole kabisa, kama unavyomwondolea mtoto kitu chenye ncha, akalichovya kwenye mchuzi na kulipeleka mdomoni mwake. Mzee Kikoti alinitazama. Nilidhani atafumba mdomo kama alivyomfumbia Zawadi, na moyoni niliomba aufumbe. Akaufungua. Akalishwa tonge hadi tonge, sahani ikaisha kabla ya kengele. Akina mama wakapiga vigelegele na makofi, mpiga picha akazunguka kutafuta upande wenye mwanga, na Matroni alikuwa amesimama nyuma yao, mikono ameifumbata, uso umetulia.

Walipoondoka nilimfuata kitandani. "Baba, kwa nini ulikubali?"

"Ulitaka nifanyeje? Mgeni amekuja na sukari ya wazee wote. Nimtemee?"

"Ungemwambia unaweza."

Aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilipokula kwa mkono wangu," akasema, "hakuna aliyepiga makofi. Leo nimelishwa, wamepiga." Akavuta blanketi jipya. Kesho yake hakuja stoo, na kesho kutwa pia.

Niliingia ofisini kwa Matroni bila kubisha. Magunia ya sukari yalikuwa yamefika karibu na dari, na yeye alikuwa katikati yake akinywa chai. Nikamwambia yote: kwamba miezi yote ile ya kazi imevunjwa kwa mlo mmoja, kwamba mzee amedhalilishwa mbele ya watu, kwamba alisimama pale akatazama. Aliniacha nimalize. Halafu akasogeza kikombe.

"Umemaliza? Sasa sikiliza. Wale akina mama wakija wakakuta wazee wanakula wenyewe, wanavaa wenyewe, wanakwenda chooni wenyewe, wataniuliza: sasa ninyi mnataka msaada wa nini? Unafikiri sukari hii inaletwa na nini, cheti chako?"

"Matroni, mimi nataka Mzee Kikoti ale mwenyewe."

"Najua," alisema. "Wewe unataka ale mwenyewe. Mimi nataka ale."

Nimekaa na sentensi ile miaka yote hii, nimeigeuza kila upande, na nikiwa sasa ndiye ninayesimamia wahudumu wasiotosha kwenye wodi iliyojaa, najua alichosema kilikuwa na uzito. Lakini najua pia kwamba hakikuwa chote. Kula ni zaidi ya chakula kuingia tumboni. Yeye mwenyewe Matroni, angewekewa mtu wa kumtia tonge mdomoni, angelitema hadi ukutani. Hilo ndilo ningemjibu, kama ningekuwa na ulimi wa leo siku ile. Siku ile nilitoka nikaubamiza mlango.

Krismasi ilipokaribia, akina mama wa Mbeya walituma shukrani zao: kalenda ya mwaka mpya, yenye picha kubwa za ziara. Mzee Kikoti alikuwa kwenye ukurasa wa mwezi wa pili, kinywa wazi, ndevu zina mchuzi, tonge liko hewani, na nyuma yake nyuso zinazocheka. Matroni, kwa nia njema kabisa, alizigawa kalenda zile kwa familia za wazee kupitia kwa wachungaji, nyingine zikafika hadi Pawaga na Idodi, ili ndugu waone jinsi wazee wao wanavyotunzwa.

Leah alikuja mwanzoni mwa mwaka, kalenda ameiviringisha na kuibana kwapani. Alinisalimia, "Kamwene," bila tabasamu, akaikunjua juu ya magodoro ya stoo.

"Dada, ulisema baba anaendelea vizuri."

"Anaendelea, dada Leah."

"Huyu ni nani?" Akaweka kidole juu ya ule mdomo wazi. "Kanisani wamenionyesha hii kabla sijapata ya kwangu. Watu wamenipa pole. Pole! Mimi nilikuwa nimeshaanza kumtengenezea chumba."

Nikaeleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia muongo, maana picha ilikuwa pale na maneno yangu hayakuwa na picha. Mwisho nikamwambia, "Kaa mpaka chakula cha mchana. Umwone mwenyewe." Kisha nikaenda kumwomba Mzee Kikoti, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akija stoo akitaka, na asipotaka haji. Alikuwa ameketi kitandani anatazama ua. Nikamwambia Leah yupo, ameiona picha. Alinyoosha mkono wa kulia kuelekea kwenye beseni.

Alikula mbele ya binti yake ugali na maharage. Sijapata kuona mlo mrefu kama ule. Tonge la kwanza lilivunjika, la pili likaanguka mapajani, Leah akainuka nusu kutoka kwenye benchi, mkono umeshatangulia, "Baba, acha, nikusaidie," na Mzee Kikoti akasema, "Kaa." Akakaa. Wazee wengine walimaliza wakaondolewa. Kengele ikapigwa. Zawadi akaja na karai lake, akanitazama, akaitazama sahani. Ndipo nikaona Matroni amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. "Mwache," alimwambia Zawadi. Ni neno moja tu, na alipolisema akageuka akaenda zake, wala hatukuwahi kulizungumzia. Ukumbi ukabaki na sisi watatu na harufu ya maharage yaliyopoa.

Mzee alipomaliza sahani, Leah alikuwa analia kimyakimya. Lakini Leah alikuwa mkulima, na mkulima hupiga hesabu hata akilia. "Nimeona, baba. Unaweza. Ila nyumbani nani atakusubiri hivi? Mimi alfajiri niko majarubani."

"Nani kakuambia unisubiri?" Mzee Kikoti alisema. "Nipakulie, funika, nenda zako."

Nililiona jambo lile likimwingia Leah polepole. Liliniingia na mimi. Miezi yote nilikuwa nimeshindana na kengele ya kituo nikidhani mzee anahitaji kuongeza kasi, kumbe alihitaji mahali pasipo na kengele. Leah akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Baada ya mavuno," akasema, akaondoka. Kalenda aliiacha juu ya magodoro.

Sikumwamini. Nilikwisha kusikia "baada ya mavuno" nyingi kwa ndugu wa wazee wengine, na mavuno yalipita. Miezi ile ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Tulifanya kazi ya choo sasa, kuinuka kwenye kiti, kushika ukuta, kufungua kamba ya suruali kwa mkono mmoja, kuchuchumaa akiwa ameshika mti niliousimika ardhini, na kila tulipopiga hatua mhudumu mwenye huruma alimwahi na beseni. Bibi Semkonda alifariki mwezi wa nne, akiwa amevalishwa vizuri sana. Mimi nikaanza kuulizia kazi Mbeya, na nilipopata jibu la kuniita sikusita hata kidogo.

Leah alikuja. Mwezi wa sita, mavuno yamekwisha, alikuja na mumewe na pikapu la kuazima lenye godoro nyuma, wakampakia Mzee Kikoti huku akitoa amri kuhusu mahali pa kuweka mto. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alisema tu, "Haya, binti," na gari likashuka kuelekea mjini. Nikajikuta nimesimama getini mikono mitupu, nimekasirika tena, sijui na nani.

Kabla sijahama Iringa nilikwenda Idodi kumwona. Nilijiambia ni sehemu ya kazi, kumfuatilia mgonjwa nyumbani, na ilikuwa kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba nilitaka kuona. Mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa umekwenda kwenye mkono ule, na nilitaka kuondoka nao. Nilikuta uwanja uliofagiliwa, jua kali lisilofanana na la mjini, na Mzee Kikoti kwenye kiti cha uvivu, amenenepa, amenyolewa. Kutoka mlangoni hadi chooni shemeji wa Leah alikuwa amesimika nguzo na kufunga miti ya kushikilia. Mzee aliniona ninavyoikagua akasema ile ya mwisho ililegea, wameirudia. Tukaongea habari za kituo, za Zawadi, za bei ya mpunga. Leah alikuja kutoka shambani, akafurahi mno, akapika wali mpya na samaki wa Mtera, akatandika mkeka.

Tulinawa. Leah akaweka bakuli la baba yake juu ya kigoda mbele yake, na mimi, bila hata kujua ninafanya, nikasogeza kigoda changu upande wa kulia ili nione vizuri kiwiko kinavyokaa.

Mzee Kikoti hakugusa bakuli.

"Tusekile," alisema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. "Umenitazama nikila mwaka mzima. Matroni amenitazama. Wale mama wa kwenu wamenitazama, na Leah pia. Niko kwenye kuta za watu nimefungua mdomo." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeomba asogezewe maji. "Leo geuka."

Leah aliinamisha uso. Nilitaka kumwambia kwamba mimi siyo kama wale, kwamba kutazama ndiyo kazi yangu, kwamba ninaondoka na sitarudi karibuni. Nikageuza kigoda nikaelekea barabarani, sahani yangu mapajani, nikala. Nyuma yangu niliwasikia wakiongea Kihehe kwa sauti ya chini, nikasikia bakuli likikwaruza kigoda, kikohozi kidogo, kimya, bakuli tena. Ungeweza kuwa mkono wake. Ungeweza pia kuwa mkono wa Leah. Shingo iliniuma kwa hamu ya kugeuka. Barabarani lilipita lori la mkaa, watu juu yake wakanipungia, nami nikawapungia.

"Haya, geuka," alisema mwishowe. Vyombo vilikuwa vimeshaondolewa, na Leah alikuwa anamwaga maji ya kunawia chini ya mpapai.